Mtu Mtulivu na Mtu wa Amani

Tarehe 11 Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba 21 Juni ya kila mwaka iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga. Wazo lilitoka India. Waziri mkuu Narendra Modi alilitoa mbele ya Baraza hilohilo Septemba mwaka ule, na nchi 177 zikajiandikisha kuwa wadhamini wa azimio, idadi ambayo maazimio yanayohusu vita vyenyewe huipata kwa nadra. Mwaka uliofuata watu 35,985 walitandika mikeka katika barabara ya Rajpath mjini New Delhi, na kaulimbiu ya siku ikawa yoga kwa ajili ya maelewano na amani. Wachache waliona kwamba azimio lenyewe lilipitishwa chini ya ajenda ya afya, na kwamba kinachozungumzwa humo ni afya na namna ya kuishi. Amani iliongezwa na wenye kaulimbiu.

Nyongeza hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Kwamba yoga humtuliza mtu, hapana haja ya kubishana sana. Lakini kati ya mtu mmoja aliyetulia na watu wawili wanaoishi bila kudhulumiana kuna masafa marefu, na wahubiri wengi wa yoga huyaruka kana kwamba hayapo. Nionavyo, yoga kama mbinu ya kutawala mwili, pumzi na fikra haina upande: humwongezea mtu nguvu katika jambo alilokwisha kulichagua, liwe jema au ovu. Kilichowahi kuzaa amani ndani ya yoga ni ile sehemu inayomfunga mtu kwa viapo juu ya wenzake, nayo kwa bahati mbaya ndiyo iliyoachwa nyuma yoga ilipoanza kuzunguka dunia.

Tuanze na kitabu ambacho kila mwalimu hukitaja. Yoga Sutra ya Patanjali, ambayo wataalamu wengi huiweka katika karne za mwanzo baada ya Kristo, haifiki vifungu 200, na vingi ni vifupi kiasi kwamba bila mfafanuzi havifunguki. Mkao wa mwili, ambao kwa watu wengi wa leo ndio yoga yenyewe, umepewa vifungu vitatu tu. Njia anayoieleza Patanjali ina ngazi nane, na ngazi ya kwanza haihusu kukunja miguu wala kuvuta pumzi. Inaitwa yama, nayo ni makatazo matano: kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kuzuia tamaa ya mwili na kutojilimbikizia mali. Kisha anaweka sharti zito, kwamba hiki ni kiapo kikuu kisichopunguzwa na tabaka alilozaliwa mtu, wala mahali, wala wakati, wala hali. Mfafanuzi wake wa kale, Vyasa, analifungua sharti hilo kwa mifano: mvuvi hawezi kujitetea kwamba yeye anadhuru samaki tu, wala askari kwamba anaua vitani tu. Anayefika hapo, Patanjali anadai, uadui wa wengine hulegea mbele yake.

Hata hivyo tusimvike Patanjali joho la msuluhishi wa mataifa. Mwisho wa njia yake ni kaivalya, hali ya nafsi kujitenga kabisa na maumbile na kubaki peke yake. Jamii haimo katika picha hiyo. Makatazo matano yapo kwa sababu mwizi na mwongo hawawezi kukaa kimya na nafsi zao. Ni usafi wa chombo kabla ya kazi. Ndiyo maana walihitajika watu wengine, karne nyingi baadaye, wayachukue makatazo hayo na kuyageuza yatazame nje, kuelekea kisimani na sokoni. Nitarudi kwao.

Kabla ya hapo kuna ushahidi ambao mashabiki wa yoga hawapendi kuutazama. Bhagavad Gita, kitabu cha pili kwa kutajwa, kinafunguka katika uwanja wa vita wa Kurukshetra. Arjuna anawaona jamaa zake upande wa pili, anatupa upinde, anakataa kuua. Anayemfundisha yoga ni Krishna, mwendesha gari lake: atimize wajibu bila kushikamana na matunda yake, faida na hasara ziwe sawa moyoni. Somo linapokwisha Arjuna anainuka na kupigana. Gandhi alisoma vita hivyo kuwa mfano wa mapambano ya moyoni. Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India aliyeandika ufafanuzi wake akiwa mfungwa huko Mandalay, aliona humo mwito wa kutenda. Na Nathuram Godse, aliyempiga Gandhi risasi 30 Januari 1948, alimtaja Arjuna mahakamani kutetea alichofanya. Watatu hao hawakutofautiana juu ya utulivu. Walitofautiana juu ya kile ambacho mtu mtulivu anaruhusiwa kumtendea mwenzake, na kwa hilo utulivu wenyewe hauna jibu.

Historia ya wanayoga wenyewe inasema vivyo hivyo. Mwaka 1567 mfalme Akbar alishuhudia huko Thanesar, karibu na Kurukshetra hiyohiyo, makundi mawili ya watawa wa Kihindu wakichinjana kwa ugomvi wa mahali pa kukaa kwenye ziwa la kuogea, penye kupatikana sadaka. Wachoraji wa kasri yake waliliweka tukio hilo katika kitabu cha Akbarnama. Katika karne ya 18 vikosi vya watawa wenye silaha vilikodishwa na watawala mbalimbali na kupambana na Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India huko Bengal. Walikuwa watu wa kufunga, wa kutawala pumzi, wa kuvumilia baridi na njaa, na kwa sababu hiyohiyo walikuwa askari wazuri. Mfano wa zama zetu ni mbaya zaidi. Shoko Asahara alianza miaka ya 1980 kwa kufundisha yoga mjini Tokyo. Darasa lake likakua kuwa dhehebu la Aum Shinrikyo, ambalo 20 Machi 1995 lilimwaga gesi ya sarin katika treni za chini ya ardhi na kuua watu zaidi ya kumi. Wafuasi wake walikuwa na nidhamu ya taamuli ambayo shule nyingi za yoga zingeionea fahari. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa majirani, si kwa watawa.

Hapo linakuja jibu linalotarajiwa: hao hawakufanya yoga ya kweli. Jibu hili lina ukweli nusu, na ile nusu nyingine ni mtego. Tukisema yoga ya kweli ni ile tu inayoishia katika amani, basi kusema yoga huleta amani hakumwambii mtu chochote. Ni kurudia tulichokwisha kukitia ndani ya jina. Swali la haki ni kama mbinu walizozitumia, yaani mikao, pumzi na taamuli, ni zilezile. Ndiyo, ni zilezile. Walichokosa ni kiapo cha kutodhuru kisicho na mlango wa nyuma. Anayewakataa Asahara na watawa wa Thanesar kwa sababu hiyo amekubali kwamba kazi ya amani inafanywa na kiapo, na kwamba mbinu bila kiapo huenda popote. Wala jina la ukoo wa walimu halimlindi mtu. Yogi Adityanath, waziri kiongozi wa jimbo la Uttar Pradesh tangu 2017, ni mkuu wa hekalu la Gorakhnath, linalobeba jina la mwalimu anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa hatha yoga. Juni 2015, Waislamu walipolalamikia zoezi la kulisalimu jua, alisema wasiolitaka waondoke India au wakajizamishe baharini. Serikali ilikuwa na busara zaidi, ikaliondoa zoezi hilo katika ratiba rasmi ya Siku ya Yoga.

Pingamizi la pili lina uzito kuliko la kwanza. Katiba ya UNESCO ya 1945 inaweka chanzo cha vita katika akili za binadamu. Basi anayetuliza akili si anakausha chemchemi? Hapa tuwageukie watafiti, kwa kuwa mambo yamepimwa. Mwaka 2013 watafiti wa Oxford walichapisha matokeo ya kozi ya yoga ya wiki kumi katika magereza saba ya Uingereza: walioshiriki walipungukiwa na dhiki ya moyo na walifanya makosa machache katika jaribio la kujizuia kuliko wale wa kundi la kulinganishia. Mwaka 2014 timu ya Bessel van der Kolk huko Marekani iliripoti juu ya wanawake 64 wenye kiwewe sugu kisichosikia tiba: baada ya wiki kumi, 16 kati ya 31 waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya 6 kati ya 29 waliopewa mafunzo ya afya tu. Hayo si mambo madogo. Mwanamke anayelala usiku bila kushtuka kwa hofu amepata kitu ambacho hotuba haiwezi kumpa, na mfungwa anayeweza kuhesabu pumzi tatu kabla ya kurusha ngumi amemwokoa mtu fulani taya. Anayeibeza yoga yote kuwa mazoezi ya matajiri hajausoma ushahidi huu.

Ila tazama ulikoishia. Umepima kinachotokea ndani ya mtu mmoja. Watafiti walipotaka kujua kama kutulia kunamfanya mtu kuwa mwema kwa wengine, mambo yalipungua. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 2018 na Ute Kreplin, Miguel Farias na Inti Brazil yaliona kwamba taamuli iliongeza kiasi huruma, lakini haikupunguza ukali wala chuki dhidi ya watu wa makundi mengine. Na hata huruma ilipanda tu pale ambapo mwalimu wa taamuli alikuwa pia mwandishi wa utafiti, au pale ambapo kundi la kulinganishia halikupewa kazi yoyote. Mwaka huohuo Jochen Gebauer na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi wa yoga nchini Ujerumani, waliofuatwa kwa wiki 15, walijiona bora kuliko wenzao hasa mara tu walipotoka kwenye mazoezi. Mafundisho yanasema yoga huinyamazisha nafsi. Hawa ilikuwa imewapandisha mabega. Sishangai. Ukimfundisha mtu kwa saa nzima kujiangalia bila kumwekea mbele haki ya jirani, atajiangalia, na mara nyingi atapenda anachokiona.

Wako wanaoamini kwamba hesabu hubadilika watu wakitafakari kwa wingi. Wafuasi wa mwalimu wa taamuli Maharishi Mahesh Yogi walikusanya watu wapatao 4,000 mjini Washington katika kiangazi cha 1993 na kudai kwamba uhalifu wa nguvu ulishuka kwa zaidi ya asilimia 20, ukilinganishwa na kiwango ambacho wao wenyewe walikikadiria kuwa kingetokea. Mwanafizikia John Hagelin, aliyeongoza mradi huo, alipewa 1994 tuzo ya dhihaka ya Ig Nobel ya amani. Huo ungeweza kuachwa kama kichekesho, lau hoja hiyohiyo isingeletwa karibu na kwetu kwa uzito wa ikulu. Joaquim Chissano, aliyekuwa rais wa Msumbiji, alijifunza mbinu ya Maharishi mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaiingiza katika baraza lake la mawaziri na katika jeshi, na baadaye akasema hadharani kwamba ilichangia amani ya nchi yake. Mtu huyu hakuwa mpiga porojo. Ni wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam 1962. Aliachia madaraka kwa hiari na kuwa wa kwanza kupewa tuzo ya Mo Ibrahim, 2007.

Kesi ya Msumbiji inafaa kuchunguzwa taratibu kwa sababu humo kuna kila kitu: vita vya miaka kumi na sita, kiongozi aliyetafakari, na amani iliyokuja kweli. Je, ililetwa na nini? Mkataba ulisainiwa Roma 4 Oktoba 1992 baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka miwili yaliyosimamiwa na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, utawala wa makaburu wa Afrika Kusini uliokuwa ukiwalisha waasi wa RENAMO ulikuwa ukikata roho, na ukame ulikuwa umeziacha pande zote mbili bila chakula cha kuporana. Umoja wa Mataifa ulipeleka maelfu ya walinzi wa amani. Wapiganaji wapatao 90,000 waliweka silaha chini na kulipwa fedha kwa miaka miwili ili wawe na cha kurudi nacho kijijini. RENAMO ikawa chama, ikaingia uchaguzi wa 1994. Kwamba rais alikuwa mtulivu, pengine kulimsaidia kuketi meza moja na watu waliochoma vijiji. Hilo mimi silikatai. Lakini utulivu wake ulifanya kazi ndani ya mkataba, mishahara na viti vya bunge. Vitu hivyo vilipolegea, wapiganaji wa RENAMO walirudi msituni 2013 wakidai sehemu yao katika jeshi na utawala, hadi mkataba mwingine wa 2019. Na kuanzia Oktoba 2017 pwani ya Cabo Delgado, ambako Kiswahili na Kimwani vinasikika kuliko Kireno, iliingia katika vita vipya vilivyokuta vijana wasio na ardhi, kazi wala sauti katika gesi iliyogunduliwa karibu na nyumba zao. Hakuna wingi wa taamuli Maputo uliowafikia.

Lipo pingamizi la tatu, na kwa msomaji wa pwani au wa bara huenda ndilo la kwanza: yoga ni ibada ya Kihindu, hivyo kuileta kwa jina la amani ni kuzua fitina ya dini. Baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu mwaka 2008 yoga yenye maombi ya Kihindu, na mwaka 1989 Vatikani ilitoa barua ya tahadhari juu ya mbinu za Mashariki katika sala. Lakini Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo 2017, na karne kumi zilizopita Al-Biruni alikwisha kumtafsiri Patanjali kwa Kiarabu bila kuacha dini yake. Hofu hii inajibika kwa heshima: asiyetaka kusalimu jua asilazimishwe, kwa maana amani inayoanza kwa kumlazimisha mtu kuinama imekwisha kushindwa. Makatazo matano ya yama, kwa upande mwingine, hayana kitu ambacho msikiti au kanisa litakiona kigeni. Ni ajabu kwamba kinachokubalika kwa wote ndicho kisichosafirishwa, na kinachozua ugomvi ndicho kinachouzwa.

Aliyeigeuza yama itazame nje ni Mohandas Gandhi, aliyepitia Lamu, Mombasa na Unguja 1893 akielekea Natal kufanya kazi ya uwakili. Mwaka 1915 alianzisha makazi ya pamoja huko Ahmedabad na kuwawekea wakazi viapo. Vitano vya msingi ni vilevile vya Patanjali. Mikao ya mwili haikuwa na nafasi kubwa kwake. Aliongeza viapo vya kijamii, kikiwamo cha kukataa utengano wa tabaka la wasioguswa, na kabla mwaka haujaisha kiapo hicho kilijaribiwa. Familia ya wasioguswa iliomba kuishi hapo ikapokewa. Mwenye zamu ya kuteka maji kisimani akaanza kuwatukana, wafadhili wakakata fedha, manung'uniko yakaingia hata ndani ya makazi. Gandhi alikuwa tayari kuhamia mtaa wa wasioguswa, hadi tajiri mmoja alipofika na kumwachia rupia 13,000. Amani ya yama, basi, ilianza kwa kuvuruga utulivu wa kila mtu. Mwaka 1922 umati uliomfuata ulichoma kituo cha polisi huko Chauri Chaura na kuua polisi zaidi ya 20. Gandhi alisimamisha harakati dhidi ya Waingereza nchi nzima, jambo lililowakasirisha wenzake waliokuwa wakiuona ushindi karibu. Kiapo kisicho na mlango wa nyuma kina gharama hiyo. Na Mei 1930, mbele ya kiwanda cha chumvi cha Dharasana, safu baada ya safu ya wafuasi wake walisogea mbele ya marungu bila kuinua mkono kujikinga. Hapo ndipo nidhamu ya mwili na kiapo vilipokutana.

B. R. Ambedkar, mwenyewe mtoto wa tabaka hilo, hakuridhika, na alikuwa na sababu. Aliona kwamba njia ya Gandhi iliiacha haki ya wasioguswa ikining'inia kwenye toba ya wenye tabaka la juu: kisima kinafunguliwa moyo wa mwenye kisima ukilainika. Yeye alitaka sheria, na katiba aliyoongoza kuiandika ilipoanza kutumika 26 Januari 1950 ilipiga marufuku utengano huo. Nadhani Ambedkar alikuwa sahihi juu ya kipi kitangulie. Hata hivyo sheria ya kisima huhitaji watu watakaosimama hapo siku ya kwanza bila kupiga wala kukimbia, na watu wa namna hiyo hawazaliwi hivyo, hufunzwa.

Kwa kipimo hiki tunaweza kuitazama kazi kama ile ya Africa Yoga Project ya Nairobi, iliyoanza 2007, mwaka ambao uchaguzi wake uliishia katika mauaji ya watu zaidi ya 1,100. Mradi huo huwafunza vijana, wengi wakitoka mitaa ya mabanda, kuwa walimu wenye kujipatia kipato. Kama una mchango kwa amani ya Kibera au Mathare, sidhani unatoka kwenye mkao wa mti. Utatoka kwenye riziki, na kwenye ukweli kwamba kijana Mluo na kijana Mkikuyu wanategemeana kazini na wamekubaliana mapema yale ambayo hawatatendeana. Anayetaka kulithibitisha hilo asiwaulize washiriki wanajisikiaje baada ya darasa. Aulize, ghasia za uchaguzi zikitokea, nani alimfungulia nani mlango usiku, na nani alimkopesha nani unga wiki iliyofuata.